Kuku wa Maskini na Mwewe wa New York

Mwezi wa Machi ndio mwezi wa matumaini ya bure katika besiboli ya Marekani. Timu zote thelathini za ligi kuu huwa hazijapoteza mchezo hata mmoja. Majeruhi wote huwa wamepona, wakongwe wote wamepungua uzito, na kila kijana aliyealikwa kambini Arizona au Florida hutangazwa redioni kuwa ndiye nyota ajaye. Shabiki wa kawaida huyanywa maneno hayo kama uji wa asubuhi. Lakini katika kila mji yupo shabiki wa aina nyingine, yule ambaye habari njema humfanya akunje uso na kuuliza bei yake ni ngapi.

Mchukue mmoja wao, asiyehitaji jina kwa sababu wenzake ni wengi, akiwa ameketi jikoni mwake mashariki mwa Oakland, California, mwezi wa Machi mwaka wa 2002. Mbele yake pana karatasi yenye majina ishirini na matano, yaani idadi ya wachezaji ambao timu iliruhusiwa kuwa nao msimu ulipoanza. Mkononi ana penseli. Kalamu ya wino, kwa maoni yake, ni ya watu wanaoamini. Amekuwa akiifanya kazi hii kila Machi tangu utotoni: anayaandika majina, anaweka alama ya mkato kando ya kila anayemtilia shaka, kisha anazihesabu alama. Mwaka huo alama zilikuwa kumi na nne.

Msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe atosheke na machache. Mrushaji humrushia mpigaji mpira. Mpigaji hujaribu kuugonga kwa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, hadi arejee nyumbani alikoanzia. Kila anayerejea huipatia timu yake mkimbio mmoja. Mrushaji akitupa mipira minne iliyopotoka, naye mpigaji akawa na subira ya kutoigusa, basi huyo hutembea bure hadi kituo cha kwanza. Duru ni tisa, na michezo ya msimu ni 162. Hayo matembezi ya bure yakumbukwe, kwani yatazusha ugomvi baadaye katika jiko lile lile.

Kwa nini alama kumi na nne? Mwaka uliotangulia, 2001, timu hiyo ya Athletics ilishinda michezo 102. Mgeni angedhani kwamba shabiki wa timu kama hiyo angeungoja msimu mpya kwa vigelegele. Lakini wahenga wa Waswahili walikwisha kuieleza hali ya Oakland kabla besiboli haijabuniwa: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea, huchukuliwa na mwewe. Kuku wa Oakland alikuwa ametaga, akaangua, akalea. Kilichobaki ni mwewe, na katika majira ya baridi kabla ya Machi ile mwewe alishuka mara tatu.

Alimchukua kwanza Jason Giambi, mlinzi wa kituo cha kwanza, aliyekuwa ametuzwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka wa 2000. Alikwenda New York, kwa Yankees, kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 120. Hebu ipigwe hesabu hapo. Dola hizo ni zaidi ya milioni 17 kwa mwaka kwa mtu mmoja, ilhali mishahara ya timu nzima ya Oakland mwaka huo ilikuwa takriban milioni 40. Yankees walikuwa wakilipa zaidi ya milioni 120. Wa pili alikuwa Johnny Damon, mkimbiaji hodari wa uwanja wa nyuma, aliyenyakuliwa na Boston kwa dola milioni 31 za miaka minne. Wa tatu, Jason Isringhausen, mrushaji aliyeaminiwa kuzifunga duru za mwisho, alichukuliwa na St. Louis. Wote watatu mikataba yao ilikuwa imekwisha, na kwa sheria walikuwa huru kwenda watakako. Hakuna aliyeibwa. Jambo hilo ndilo lililomwuma shabiki yule zaidi, kwa kuwa mwizi angalau hulaaniwa.

Ikumbukwe pia kwamba kidonda cha Oktoba kilikuwa hakijapona. Katika hatua ya kwanza ya mtoano ya mwaka wa 2001, Athletics walikwenda New York wakashinda michezo miwili ya kwanza huko huko ugenini. Ulihitajika ushindi mmoja tu katika michezo mitatu iliyobaki. Katika mchezo wa tatu, Oakland, timu ikiwa nyuma kwa mkimbio mmoja kwa bila, Jeremy Giambi, mdogo wake Jason, alikuwa akikimbilia nyumbani kusawazisha. Mpira ulikuwa umerushwa vibaya na kuwapita waliopaswa kuudaka. Ghafla akatokea Derek Jeter wa Yankees mahali ambapo hakuna mchezaji wa nafasi yake anayetarajiwa kuwapo, akaudaka akiwa mbioni, akaupenyeza kwa mdakaji. Jeremy hakujitupa chini. Alifika akiwa wima, akaguswa mguuni, akatolewa. Athletics walipoteza mchezo huo, na uliofuata, na uliofuata huo. Picha ya tukio hilo imeonyeshwa na televisheni za Marekani mara nyingi mno. Shabiki yule alikuwa na desturi ya kwenda kuchota maji ya kunywa kila ilipoanza.

Basi akairudia orodha yake, jina kwa jina.

Kituo cha kwanza, mahali pa Giambi, palikuwa pameachiwa kijana mmoja mgeni katika ligi, Carlos Peña, aliyeletwa kutoka Texas. Alama. Nyuma yake alikuwapo Scott Hatteberg, mdakaji wa zamani wa Boston aliyeumia neva za kiwiko hata mkono wake ukawa hauwezi tena kurusha mpira kama kazi ya mdakaji inavyodai. Kituo cha kwanza hakuwahi kukilinda katika ligi kuu. Alikuwa anafundishwa kazi hiyo upya na kocha Ron Washington, kama mtu mzima anayepelekwa darasa la kwanza. Kwa huyo shabiki aliweka alama mbili. Mahali pa Damon palikuwa na watu wa kugawana gawana, akiwamo David Justice, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 36, na ambaye Yankees wenyewe walikuwa wamekwisha kumwona hafai. Timu ya maskini ilikuwa imepewa nguo iliyokwisha kuvaliwa na tajiri. Alama. Jermaine Dye alikuwa amevunjika mfupa wa mguu katika mtoano ule ule wa Oktoba, asingekuwa tayari msimu ukianza. Alama. Jeremy Giambi, yule asiyejitupa chini, bado alikuwapo. Alama, na penseli karibu itoboe karatasi.

Mahali pa Isringhausen aliletwa Billy Koch kutoka Toronto. Koch alirusha mpira kwa kasi ya kuogofya, maili mia moja kwa saa siku akiwa vyema. Kando ya jina lake shabiki yule hakuridhika na alama, aliandika maneno matatu: kasi bila dira. Halafu alikuwapo Chad Bradford, aliyerusha mpira kwa kuinama kiasi kwamba vifundo vya vidole vyake vilikaribia kukwaruza udongo. Shabiki alimtazama kwa muda mrefu Bradford, akaamua kumpa nusu alama. Mtu anayefanya jambo kwa namna ya ajabu hivyo na bado hajafukuzwa, alijiambia, lazima ana siri yake.

Yamkini hapo ndipo binti yake alipoingia jikoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, alipenda hesabu, na alikuwa na tabia ya kusoma juu ya bega la baba yake.

"Baba, umemweka Damon kuwa hasara kubwa."

"Kwani si hasara? Nani mwingine mwenye mbio zile?"

"Mbio za kwenda wapi? Mwaka jana katika kila mara mia alizosimama kupiga, alifika kituoni mara thelathini na mbili tu. Julai yote ulikuwa ukimtukana hapa hapa."

"Nilimtukana kwa sababu alikuwa wetu."

"Hatteberg ana subira. Haipigi mipira mibovu. Anatembea bure."

"Mwanangu, hakuna mtu aliyelipa kiingilio ili aone mtu akitembea."

"Lakini kutembea kunahesabiwa, baba."

"Na Giambi je? Naye utaniambia kuna anayetembea kama yeye?"

Binti akanyamaza. Mwaka wa 2001 Giambi alikuwa amefika kituoni karibu mara 48 katika kila mia, kiasi ambacho ni adimu katika historia nzima ya mchezo. "Giambi ni hasara," akakiri, akaichukua penseli mkononi mwa baba, akaifuta moja kati ya zile alama mbili za Hatteberg. Baba alimwachia.

Alichokuwa akikisema msichana yule ndicho kilichokuwa kikizungumzwa pia katika ofisi za timu, bila ya yeye kujua. Meneja mkuu Billy Beane na msaidizi wake Paul DePodesta walikuwa wameng'amua kwamba soko la wachezaji lilikuwa likilipa ghali kwa mambo yanayopendeza macho, kama vile mbio na umbo la mwili, na kulipa kidogo kwa jambo lisilopendeza mtu, yaani kufika kituoni kwa njia yoyote, hata kwa kutembea. Maskini akinunua kile ambacho tajiri hakitaki, anaweza kula vizuri. Michael Lewis aliisimulia habari hiyo katika kitabu chake Moneyball cha mwaka wa 2003, na mwaka wa 2011 ikatengenezwa filamu ambamo Brad Pitt aliigiza kama Beane.

Hata hivyo, haki itendeke kwa mwenye penseli. Kitabu kile kimewafanya watu wengi waamini kwamba Oakland iliokolewa na hesabu za matembezi peke yake. Angalia majina ambayo shabiki hakuyawekea alama. Warushaji watatu: Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, wote vijana, ambao mwaka wa 2001 walikuwa wameshinda michezo 18, 21 na 17 kwa mfuatano huo. Miguel Tejada, kijana wa Dominika aliyesajiliwa angali mdogo kwa fedha kiduchu, akilinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Eric Chavez katika kituo cha tatu. Hao watano walikuwa ndio nguzo za nyumba, na walikuwa rahisi kulipwa kwa sababu moja tu: kanuni za ligi humfunga mchezaji kwa timu yake ya kwanza hadi atimize miaka sita ya utumishi. Kilichowaweka hao Oakland ilikuwa ni kalenda. Shabiki mwenye shaka aliliona hilo waziwazi kuliko wasimulizi wengi waliokuja baadaye. Nyuma ya karatasi yake aliandika majina hayo matano, na mbele ya kila jina mwaka atakaoondoka.

Desturi hiyo ya kuandika miaka ya kuondoka hakuizua 2002. Timu yenyewe ni ya kuhamahama: ilizaliwa Philadelphia mwaka wa 1901, ikahamia Kansas City mwaka wa 1955, ikafika Oakland mwaka wa 1968, shabiki yule akiwa mtoto wa miaka saba. Alikuwa na miaka kumi na mmoja ilipotwaa ubingwa wa 1972, ule ambao Wamarekani kwa kujiamini kwao huuita wa dunia. Ukafuata wa 1973, ukafuata wa 1974. Mtoto anayeshuhudia mataji matatu mfululizo hudhani hiyo ndiyo kawaida ya ulimwengu. Ndipo mwenye timu, Charlie Finley, alipoanza kuibomoa. Mwezi wa Juni mwaka wa 1976 alijaribu kuwauza nyota watatu kwa mkupuo mmoja: Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston, dola milioni moja kila mmoja, na Vida Blue kwa Yankees kwa milioni moja na nusu. Mkuu wa ligi, Bowie Kuhn, aliubatilisha mnada huo, lakini mwisho wao wote waliondoka. Mwaka wa 1979 timu ilipoteza michezo 108, na jioni moja ya Aprili mwaka huo watazamaji waliotangazwa walikuwa 653 katika uwanja wa kuketi makumi ya maelfu. Aliyewahi kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ubingwa wa 1989, ambao tetemeko la ardhi liliukatiza kwa siku kadhaa, ulimfurahisha kweli. Lakini hata siku ile alipokuwa akishangilia alikuwa tayari anajiuliza ni nani atakayeuzwa.

Msimu wa 2002 ukaanza, na kwa wiki kadhaa penseli ilionekana ya nabii. Kufikia tarehe 22 Mei timu ilikuwa imepoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda. Siku hiyo Jeremy Giambi alipelekwa Philadelphia. Peña naye alirudishwa ligi ndogo, na Julai akahamishiwa Detroit. Kwa hiyo kituo cha kwanza kikabaki mikononi mwa mtu wa kiwiko kibovu. Shabiki alimwambia binti yake kwamba hakufurahi kuwa na haki. Alikuwa anasema uongo kidogo.

Kisha likatokea jambo ambalo orodha yoyote haiwezi kulibeba. Tarehe 13 Agosti Athletics walishinda. Wakashinda kesho yake. Wakaendelea kushinda, wiki ya kwanza, wiki ya pili, mpaka Agosti ikaisha hawajashindwa tena. Mchezo wa kumi na nane Tejada aliumaliza kwa pigo la kuvusha ukuta. Wa kumi na tisa aliumaliza pia, kwa pigo la kawaida, kana kwamba ameshazoea. Tarehe 4 Septemba watu 55,528 waliingia uwanjani kuona kama ushindi wa ishirini mfululizo, ambao ligi yao ya American haikuwahi kuushuhudia, ungewezekana. Wapinzani walikuwa Kansas City. Baada ya duru tatu Oakland walikuwa na mikimbio 11 kwa bila.

Binti alikuwa ameketi pembeni mwa baba yake katika viti vya bei nafuu kabisa. Watu walikuwa wanacheza. Baba alikuwa amekunja mikono. "Bado," alisema. Kansas City wakapata mitano katika duru moja. Kisha mitano mingine. Duru ya tisa wakasawazisha: 11 kwa 11. Uwanja mzima ukawa kimya kama matanga, na baba hakusema "nilikwambia", jambo ambalo binti alilikumbuka kwa miaka mingi. Ndipo kocha Art Howe alipomtuma Hatteberg, ambaye usiku huo hakuwa amepangwa kucheza, aende kupiga. Mrushaji alikuwa Jason Grimsley. Mpira wa pili Hatteberg aliugonga ukapaa juu ya ukuta wa kulia katikati. Ikawa 12 kwa 11.

Inasemekana kila aliyekuwapo usiku ule anajua alimkumbatia nani. Mwenye penseli alimkumbatia mtu asiyemjua, mwenye jasho jingi, na akaacha kofia yake chini ya kiti. Waliporudi nyumbani aliitoa karatasi ya Machi ndani ya kabati, akatafuta raba, akaifuta alama ya pili ya Hatteberg. Kule kufuta kuliacha doa la kijivu ambalo halikutoka.

Msimu ulipokwisha Athletics walikuwa wameshinda michezo 103, mmoja zaidi ya mwaka wa Giambi. Tejada alitawazwa mchezaji bora wa ligi. Zito alishinda 23, akapoteza 5, akapewa tuzo ya mrushaji bora. Ukijumlisha ushindi wake na ule wa Hudson na Mulder unapata 57. Hatteberg yeye alifika kituoni zaidi ya mara 37 katika kila mia: si Giambi, lakini ni zaidi ya Damon yule wa 2001 aliyeombolezwa. Alama kumi na nne za Machi zilikuwa zimebaki nne au tano zenye maana.

Mojawapo ilikuwa ya Koch. Tarehe 6 Oktoba, katika mchezo wa tano na wa mwisho wa mtoano wa kwanza dhidi ya Minnesota, Oakland walikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja tu ikiingia duru ya tisa. Akaletwa Koch, ambaye msimu huo alikuwa amefunga michezo 44. A.J. Pierzynski akaupiga mpira wake nje ya ukuta, ukaongezeka mkimbio mwingine tena, ikawa 5 kwa 1. Zamu ya Oakland ilipofika, Mark Ellis alivusha ukuta na kuleta mikimbio mitatu. Ikaishia 5 kwa 4. Kasi bila dira. Shabiki hakuitoa karatasi usiku ule. Hakukuwa na haja.

Kwa miaka minne mfululizo, 2000 hadi 2003, timu hiyo ilitolewa katika hatua hiyo hiyo ya kwanza, kila mara kwa michezo mitatu dhidi ya miwili. Halafu upande wa nyuma wa karatasi nao ukaanza kutimia. Tejada alikwenda Baltimore baada ya msimu wa 2003. Desemba 2004 Hudson alipelekwa Atlanta na Mulder St. Louis, siku chache tu kati yao. Zito alivuka ghuba baada ya 2006, akaenda kwa majirani wa San Francisco kwa dola milioni 126. Aliyebaki ni Chavez peke yake, aliyepewa mwaka wa 2004 mkataba wa dola milioni 66, na mgongo na mabega yake yakaanza kumsumbua muda si mrefu. Katika miaka aliyoikisia, shabiki alikosea mmoja tu, na aliyemkosea ni huyo aliyebaki.

Lakini jina moja hakuwahi kuliandika kwenye karatasi yoyote, mbele wala nyuma. Kwa miaka thelathini alikuwa akitazama angani kumtafuta mwewe wa New York. Mwaka wa 2005 timu ilinunuliwa na kundi la Lewis Wolff na John Fisher, na baadaye Fisher akawa ndiye mwenye sauti ya mwisho. Uwanja wa zege wa Oakland, uliofunguliwa mwaka wa 1966, ulizidi kuchakaa. Mipango ya kujenga mwingine ilitajwa, ikachorwa, ikafa. Timu ya mpira wa kikapu, Warriors, ilihamia San Francisco mwaka wa 2019, na ile ya kandanda ya Kimarekani, Raiders, ikaenda Las Vegas mwaka wa 2020. Aprili 2023 Athletics nao walitangaza kwamba wamekubaliana kununua ardhi Las Vegas. Tarehe 13 Juni mwaka huo watu 27,759 walikuja uwanjani kwa makusudi, katika msimu ambao mara nyingi walikuwa wachache mno, wamevaa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mwenye timu auze. Binti, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa takwimu, ndiye aliyemnunulia baba yake fulana. Novemba wenye timu za ligi walipiga kura: thelathini kwa sifuri, timu ihame.

Mchezo wa mwisho Oakland ulichezwa tarehe 26 Septemba 2024, mchana. Walikuwapo watu 46,889. Athletics waliishinda Texas kwa mikimbio 3 kwa 2. Baba, mwenye miaka 63, na binti walikaa hadi walinzi walipoanza kuwasihi watu waondoke. Baadhi ya mashabiki walichota udongo wa uwanja katika vikombe vya karatasi. Baba alisema udongo ni udongo. Binti alichota.

Tangu 2025 timu inachezea katika uwanja mdogo wa West Sacramento, wenye nafasi ya watu wapatao elfu kumi na nne, takriban kilomita 130 kutoka Oakland, ikingoja uwanja wa Las Vegas uliopangwa kufunguliwa mwaka wa 2028. Haina jina la mji wowote. Inaitwa Athletics tu. Kabla ya msimu huo wa kwanza wa ukimbizi ilimsajili mrushaji Luis Severino kwa dola milioni 67 za miaka mitatu, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia yake hadi wakati huo, ukiupita ule wa Chavez kwa milioni moja. Fedha zilizokuwa hazipatikani Oakland zilipatikana njiani.

Machi ya mwaka huo wa 2025 binti alifika na orodha ya wachezaji, sasa ikiwa na majina ishirini na sita kwa kanuni mpya, akaiweka juu ya meza ya jikoni bila kusema neno, na penseli kando yake. Baba alisema hataisoma. Alisema timu hiyo si yake tena, na kwamba mtu hana wajibu wa kumkagulia mwizi mali yake. Akainuka, akachota maji, akanywa akiwa amesimama, macho dirishani. Binti akaendelea kumenya chungwa.

Aliporudi kuketi aliivuta karatasi kwa kidole kimoja. Akamtafuta Severino, akaweka alama. Akateremka polepole hadi chini kabisa.

"Hawa warushaji wa duru za katikati," alisema, "ni nani aliyewachagua?"